Mdogo Wangu kwa Vijana Wawili wa Lupiro

Miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, mume wangu alikuwa seremala hapa Ifakara, na jioni alikuwa mkuu wa timu ya mpira ya mtaa wetu, kando ya mto Lumemo. Timu yenyewe ilikuwa imechoka. Wachezaji wengi walikuwa watu wazima wenye watoto na mashamba ya mpunga, na karibu kila walipocheza walifungwa. Aliyewafanya watu waendelee kuja uwanjani alikuwa mmoja tu: mdogo wangu, niliyenyonya naye ziwa moja, winga wa kulia. Akipata mpira, hata wauza samaki waliacha vikapu vyao wakasimama.

Mdogo wangu alikuwa ameoa Lupiro, ng'ambo ya mto Kilombero, na wakwe zake wakamkatia shamba huko. Timu ya Lupiro ikaomba awachezee. Sote tulidhani mume wangu atakataa. Aliwajibu, "Mchukueni, lakini nipeni vijana wenu wawili, golikipa na beki." Kisha akawaambia wakongwe wa timu wapumzike, wawapishe vijana wa mtaa.

Kesho yake mdogo wangu akaja nyumbani. Nilimpa kigoda, hakuketi.

"Dada, shemeji amenibadilisha kama mbuzi."

"Lakini umeoa huko. Shamba lako liko huko."

"Najua. Ningehama tu. Lakini nilitaka anizuie, dada. Hata neno moja."

Akaondoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwetu.

Jioni nilimuuliza mume wangu kwa nini amefanya vile. Alikuwa anafuta vumbi la mbao mikononi.

"Goti lake limekwisha, mama watoto. Mtazame akiinuka baada ya kula. Nikimng'ang'ania, siku atakapoanguka tutabaki mikono mitupu, na wenzake nao wamezeeka."

"Basi mwambie."

"Winga ukimwambia goti limekwisha, umemmaliza. Acha anichukie mimi."

Kwa hiyo nikabaki na jambo ambalo lingenisaidia kumtetea, na sikuweza kulisema. Maana ilinipasa kumtetea. Mwaka ule wa kwanza vijana walifungwa mpaka watoto wakawatungia wimbo. Kwenye kinu, sokoni, hata tukitoka misa, watu walinisimamisha mimi badala yake. Fundi cherehani mmoja wa pale sokoni aliniambia mbele ya wateja wake, "Mumeo katoa ng'ombe wa maziwa, kaleta ndama vipofu."

"Ng'ombe wa maziwa naye huzeeka," nilimjibu. "Wewe utakamua mifupa? Na mwaka wa njaa huwa unakula mbegu? Mbegu hailiwi. Tuachie msimu mmoja, miwili."

Watu walicheka, fundi akarudi kwenye cherehani yake. Lakini nilirudi nyumbani moyo umenivimba. Nilikuwa nimesimama sokoni nikimwita ndugu yangu wa damu mifupa.

Wale vijana wawili walikaa kwetu. Beki alikuwa mcheshi, alikula akiongea. Golikipa alikuwa mkimya, mtoto wa mvuvi, mama yake mjane. Alinichotea maji ingawa wanawake wa kisimani walimcheka. Jioni nikiwa jikoni alisimama mlangoni akaniambia, "Mama, nirushie." Nilimrushia malimau mabichi, moja juu, moja chini, huku nikikoroga mboga, naye aliyadaka karibu yote. Lililomponyoka alilifuata mpaka kwenye majivu.

Msimu wa pili mambo yakaanza kubadilika. Walifungwa bao moja, si matano. Wakatoka sare. Wakashinda. Watu walioniepuka wakaanza kunisalimu kwanza. Ndipo ikaja mechi ya Lupiro, mwisho wa masika, mto bado umejaa bondeni.

Mimi sikwenda. Niliyoyajua nilisimuliwa na beki. Mechi iliisha bila bao. Karibu na mwisho mdogo wangu alipiga shuti ambalo uwanja mzima ulishalishangilia, na golikipa wetu akaruka akalidaka. Walirudi mtoni wakiimba. Maji yalikuwa makali mno kwa kivuko, ikabidi wavuke kwa mitumbwi. Katikati ya mto kiboko akaibuka chini ya mtumbwi wa pili, ukapinduka. Golikipa alijua kuogelea. Alimvuta mwenzake mmoja mpaka kwenye matete, akarudi kumfuata mwingine. Yule mwingine aliokolewa na mtumbwi wa wavuvi. Yeye hakuonekana.

Wavuvi walimpata mbali, mto unakoshukia, siku ya tatu. Aliyembeba kumtoa majini alikuwa mdogo wangu.

Sasa waliosema walisema. Hawakuzungumza tena mambo ya kufungwa. Walisema, angebaki kwao angekuwa hai. Tulivuka kwenda msibani, na tulipofika baadhi ya wanaume wakageuza nyuso. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Wamemla mtoto wa watu kwa ajili ya mpira."

Mdogo wangu akasimama. Alisimama kwa shida, ameshika nguzo ya nyumba, na hapo kila mtu akaliona goti.

"Wazee, shikamooni. Nimemkasirikia shemeji yangu tangu aliponitoa. Lakini mnaniona. Aliona mapema kuliko mimi. Kijana huyu alicheza kwa kupenda mwenyewe, na mto ndio uliomchukua. Asitukanwe mtu hapa."

Mume wangu alikwenda kupiga magoti mbele ya mama wa marehemu. Mama yule ndiye aliyeanza.

"Alikuwa anadaka vizuri, mwanangu?"

"Vizuri sana, mama."

"Basi," akasema, akajifunika kanga usoni.

Mdogo wangu na mume wangu walipatana siku ile, lakini mume wangu hakuongoza timu tena. Beki ndiye aliyeichukua. Vijana wale walikua, wakawa timu iliyoogopwa bonde zima, na watu wakasema walijua tangu mwanzo. Mimi sikubishana nao. Mpaka leo nikiulizwa nasema mume wangu hakukosea, kisha nalala nikimwona yule mama.

Vijana walikuja kumwita mume wangu mara nyingi aende angalau kutazama. Alisema ana mlango wa kumaliza. Jioni za mechi kelele za bao zilifika mpaka karakana yake. Alisimamisha randa juu ya mbao, akasubiri mpaka kelele zikatike, kisha akaendelea kuranda.