Chumba cha Nyuma, Nyakahura

Kwenye bendi yetu kila mtu alikuwa na mahali pake barabarani. Dereva alipenda Lusahunga, kwa sababu malori hupumzika pale na mbuzi huchomwa tangu asubuhi. Mpiga besi alitaka tusimame kwenye mwinuko mmoja kabla ya Ngara mjini, ambako redio yake ilishika stesheni za ng'ambo ya mpaka, asikilize magitaa yao. Kiongozi wetu, mwanamume mnene mwenye haraka, hakupenda kusimama popote. Mimi nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya wanaume saba, na mahali pangu palikuwa Nyakahura, kwa mama mmoja aliyeuza chai kando ya barabara kuu.

Tulikuwa tukitoka Biharamulo na Haisi iliyofungiwa spika juu, kwenda kupiga kwenye harusi na kwenye jubilei za mapadri na masista, Ngara, Nyamiaga, Rulenge, popote tulipoitwa. Safari yangu ya kwanza niliingia siku zangu kabla ya wakati. Nilikaa kiti cha nyuma, nimebanwa kati ya kinanda na begi la nyaya, na nilikuwa nimeshavaa gauni jeupe la jukwaani kwa sababu kiongozi alisema tumechelewa, hakutakuwa na nafasi ya kubadili. Gari liliposimama Nyakahura wenzangu walishuka wakaagiza chai. Mimi sikushuka. Mpiga ngoma akanigongea kioo.

"Dada, hunywi?"

"Sina kiu."

Yule mama ndiye aliyekuja mpaka mlangoni, kikombe mkononi. Alinitazama usoni, akatazama nilivyoubana mkoba mapajani. Akaweka kikombe chini, akafungua kitenge alichojifunga juu ya sketi yake.

"Jifunge hiki, mwanangu. Njoo huku nyuma."

Nyuma kulikuwa na bafu la mabati matatu na ndoo ya maji ya moto. Alilifua lile doa mwenyewe, kwa sabuni ya mche, akalisugua taratibu kama anayeosha uso wa mtoto. Gauni lilipokuwa likipigwa na upepo aliniingiza kwenye chumba chake. Kilikuwa na kitanda kimoja, gunia la maharage na picha ya Bikira Maria iliyofifia kwa moshi.

"Rara kidogo," alisema, kwa ile r ya watu wengi wa huku. "Hao watakusubiri."

Walinisubiri. Alipotoka kwenda kuwamiminia chai ya pili, nilielewa kwamba aliwachelewesha makusudi.

Tangu siku hiyo kila tulipopita nilikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Niligeuka mtu mwingine mle ndani. Kwenye gari nilicheka utani wa wanaume hata ulipokuwa utani juu yangu, na jukwaani nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Kwa yule mama nilivua viatu, nikanyoosha miguu, nikasema. Nilimwambia kuhusu mume wangu aliyesema hawezi kuishi na mwanamke anayetazamwa na watu, akaondoka na godoro. Nilimwambia kuhusu chumba nilichopanga Biharamulo, jinsi nilivyokuwa nikirudi Jumatatu na kukuta kikombe nilichokiacha Ijumaa pale pale mezani, hakuna aliyekigusa. Yeye alikaa kwenye kigoda, ungo magotini, anachambua maharage. Mara nyingi alijibu "Ee," tu, au "Pole, mwanangu." Ilinitosha. Miaka sita ilinitosha.

Kisha ikaja alama ya X. Niliiona ukutani kwake, ya rangi nyekundu, na kwenye kuta za majirani wake pia, kwa sababu barabara ilikuwa inapanuliwa.

"Utakwenda wapi, mama?" nilimuuliza.

"Mungu anajua," alisema, akanipa chai. Nami, nakiri, nikaendelea na habari zangu.

Safari iliyofuata tulikuta ukuta mmoja umesimama na kifusi cha matofali. Dereva alipunguza mwendo, akamtazama kiongozi.

"Chai tutapata mbele," kiongozi akasema.

Niliomba wasimame. Fundi pikipiki wa upande wa pili wa barabara, aliyekuwa jirani yake, aliniambia mama amekwenda Keza, kwa kaka yake. Niliporudi ndani ya gari wenzangu walikuwa wanazungumzia mechi. Haikupita hata wiki mbili wakawa wamepata mahali pengine pa chai, wakapasifia chapati. Sikuwalaumu. Kwao alikuwa chai. Lakini nilikaa kwenye kiti changu cha nyuma, na kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba ile barabara ni ndefu.

Miezi kadhaa baadaye tuliitwa Rulenge kwenye jubilei ya sista mmoja. Tulipiga Jumamosi mchana, na Jumapili baada ya misa wenzangu wakabaki kupumzika. Nilinunua sukari, sabuni na doti ya kitenge, nikachukua bodaboda kwenda Keza.

"Tunamtafuta nani?" dereva aliniuliza tulipoanza kuona migomba ya kwanza.

"Mama mmoja. Alikuwa anauza chai Nyakahura."

"Jina lake?"

Miaka sita nililala kwenye kitanda cha mtu yule. Alijua jina la mume wangu, la mama mwenye nyumba wangu, hata la mwalimu aliyenichapa darasa la nne. Mimi sikujua jina lake.

"Sijui," nilisema. Dereva aligeuka kidogo kunitazama.

Tuliuliza nyumba kwa nyumba. Shikamoo, marahaba, kisha wao wakasema Kihangaza na dereva, na mimi nikabaki na Kizinza changu kisichonisaidia kitu. Hatimaye bibi mmoja aliyekuwa anaanika mihogo alinyoosha mkono kwenye njia ya miguu iliyoshuka bondeni.

Nilimkuta anapalilia maharage, amekonda. Aliinua uso, akanitazama muda mrefu.

"Binti wa gari," alisema. Ndipo nikajua kwamba na yeye hakuwa na jina langu.

Tulikaa ukingoni mwa shamba. Nilitaka kuanza kulalamika jinsi nilivyomkosa, nikajizuia. Nikamuuliza jina lake. Akanitajia, kwa aibu kidogo, kama mtu anayeulizwa na karani. Kisha nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza siku ya kitenge.

"Mama, una watoto?"

Aling'oa gugu, akalikung'uta udongo.

"Ninaye mmoja. Wa kike. Umri wako."

Alinieleza polepole. Yeye mwenyewe aliletwa huku akiwa msichana, kutoka Burundi, wakati wa kukimbia. Binti yake alizaliwa huku, akaolewa, na watu walipoanza kurudi kwao akaondoka na mumewe. Mwanzoni alipiga simu. Kisha simu ya mama ikatumbukia kwenye ndoo ya maji na namba zote zikafa nayo.

"Keza hapajui," alisema. "Kaka yangu alihamia huku yeye ameshaondoka. Anapajua Nyakahura tu. Ndiyo maana nilibaki pale barabarani. Kila gari lililosimama pale nililitazama."

Kumbe alipokuja mlangoni mwa Haisi yetu siku ile ya kwanza, alikuwa anatafuta uso. Alikuta wangu.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa na yako," alisema. Hakusema kwa lawama, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilichukua jembe nikapalilia naye mpaka jua likapungua ukali. Dereva wa bodaboda alilala chini ya migomba. Kabla ya kuondoka niliandika kwenye karatasi jina la binti yake na namba ya simu ya kaka yake. Safari yetu ya kurudi nilimwomba kiongozi dakika tano tu, nikampa fundi pikipiki ile karatasi. Akaibandika juu ya benchi lake la kazi, karibu na picha ya timu yake.

Hayo yamepita miaka miwili. Bado naimba. Kila tunapopita Nyakahura nashuka peke yangu, wenzangu wamezoea na hawaulizi tena. Fundi ananiona navuka barabara, anatikisa kichwa kabla sijafika.

Jumapili napiga simu Keza. Anapokea kaka, namsikia anaita kuelekea shambani, kisha hatua zinakuja mbio kuliko umri wake.

"Amekuja?"

"Bado, mama."

Kisha ananiuliza kama huku kwetu mvua imenyesha.