Bi Geuza na Mshono wa Kifuani

Pale mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bi Geuza, kwa sababu nguo yoyote aliyoishika, iwe ya dukani au ya fundi mwenzake, kwanza aliigeuza ndani nje. Nje kila mtu anapiga pasi, alikuwa akisema, huku kidole chake kikifuata mshono kama cha mtu anayesoma barua. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na mmoja, katika chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu kaka yake. Yeye alikata na kuunga. Wifi yake, mjane wa kaka, alipiga pindo na kushona vifungo.

Siku daktari wa moyo alipomwambia kwamba vali yake moja, kilango cha damu moyoni, inavuja, Bi Geuza hakushtuka sana. Tangu mwaka uliotangulia alikuwa akiishiwa pumzi kila alipopanda ngazi. Kilichomtoa jasho ni maneno yaliyofuata. Upasuaji si wa leo, daktari alisema, pengine baada ya mwaka, pengine miwili. Lakini mpasuaji atafutwe sasa, mwenye mkono uliozoea vali, wakati mgonjwa bado ana nguvu za kuchagua. Akampa karatasi yenye majina matatu.

Dada yake mkubwa hakuwahi kuchagua. Ugonjwa ulikuwa huo huo. Alisubiri, akisema Mungu atafanya njia, na alipozidiwa alibebwa hajitambui, akafunguliwa kifua na daktari aliyekuwa zamu. Hakuamka. Ulikuwa mwezi wa nne sasa tangu azikwe, na gauni lake la kijivu bado lilining'inia nyuma ya mlango wa chumba cha kazi, likisubiri kupunguzwa kiuno.

Bi Geuza akawa anaogopa kusimamisha cherehani. Ikinguruma hakusikia kitu. Ikinyamaza, aliusikia moyo wake masikioni, ukipiga, ukikwama kidogo, ukipiga tena. Hata sala ilimshinda. Alimwomba Mungu azibe palipotoboka bila kisu, kisha akajiona kama anamfundisha Mungu kazi, akanyamaza katikati.

"Hayo majina yana wiki mbili kwenye droo," wifi yake akamwambia. "Unayaatamia yaanguliwe?"

Ndipo akaanza kuulizia. Akapata habari kwamba mwalimu mmoja mstaafu, mteja wake wa suruali, alikuwa amepasuliwa na daktari wa pili kwenye ile karatasi. Akaenda kwake, akamsalimia mkewe, akaeleza shida yake bila kuzunguka, na mwishowe akaomba aonyeshwe kovu. Mwalimu akacheka, akafungua vifungo vitatu. Kovu lilishuka katikati ya kifua, jembamba, limenyooka, halina mkunjo wala pa kuvutana. Bi Geuza aliinama kulikagua mpaka mke wa mwalimu akakohoa.

"Nimempata," alimwambia wifi yake aliporudi. "Mshono kama wa mashine."

"Umekwenda kwa watu, mume wa mwenzio amekuvulia shati, na bado unarudi unachekelea."

Wiki tatu baadaye yeye na wifi yake walikuwa wamekaa mbele ya daktari huyo, katika chumba chembamba, mezani moyo wa plastiki unaofunguka kama kopo. Daktari alikuwa mtu mnene, na vidole vyake vilikuwa vifupi, vinene. Bi Geuza alivitazama kwa mashaka. Akajipa moyo kwa kulisifia lile kovu la mwalimu.

"Kovu lile si kazi yangu, mama," daktari akasema. "Mimi nikimaliza moyoni, natoka. Kifua hufungwa na msaidizi wangu. Ana mkono mzuri sana."

Miaka yote wateja walisifia pindo na vifungo, kazi ya wifi, wakaondoka bila kugeuza nguo, naye akawacheka wakishapinda kona. Leo yeye mwenyewe alikuwa ametundika uhai wake kwenye pindo. Wifi akakisogeza kiti chake karibu naye.

Alitaka kuinuka aondoke. Akalikumbuka gauni la kijivu la dada yake, akabaki kitini. Kisha akauliza, sauti iko chini:

"Huko ndani mimi sitaona. Kwa hiyo niambie. Umeshona vali, halafu umekuta bado inavuja. Unafanyaje?"

Daktari akaeleza kwamba haamini macho peke yake. Kabla kifua hakijafungwa, moyo huachwa upige tena, wakautazama kwa kipimo. Ukivuja bado, unasimamishwa, naye anarudi ndani.

"Unafumua?"

"Nafumua. Inaniuma, maana kila dakika moyo ukiwa umesimama ni hatari. Lakini nafumua. Ikishindikana kabisa, naweka vali ya bandia."

Fundi akija kuomba kazi kwa Bi Geuza, hakuulizwa sampuli ya gauni. Aliombwa kisu chake cha kufumulia, na ambaye kisu chake kilikuwa kimelika makali kwa kufumua makosa yake mwenyewe ndiye aliyepewa kiti.

Likabaki swali moja. Wangapi hawakuamka? Daktari hakutazama karatasi yoyote. Mwaka uliopita vali thelathini na nane, alisema, na watu wawili hawakuamka. Mmoja aliletwa amechelewa.

"Wa pili alikuja kwa miguu yake, kama wewe. Mpaka leo sijui nilikosea wapi."

Wifi aliushika mkono wake chini ya meza. Jibu hilo lilimtisha Bi Geuza kuliko yote aliyowahi kusikia, na baada ya hilo tu ndipo alipolisukuma faili lake mbele, akaomba wakati ukifika aandikiwe daktari huyo, si mwingine.

Alasiri ile, nyumbani, aliketi kwenye cherehani bila kuikanyaga. Moyo ulikuwa masikioni kama kawaida, ukikwama palepale. Hofu haikuwa imeondoka. Lakini sala ilikuja, kwa sauti. Hakumwelekeza Mungu namna ya kuziba. Alimwombea yule mtu mnene macho yake, vidole vyake, usingizi wake, akamwombea na msaidizi wake.

"Na mimi wa pindo?" wifi akauliza kutoka kwenye vifungo vyake. "Siombewi?"

"Nilikuwa nakuja kwako," Bi Geuza akasema, macho bado ameyafumba.