Chungu Kisicho na Magadi

Watu waliompenda bibi yangu nusura wamuue. Sitafuti maneno mazuri zaidi ya hayo, maana nilikuwepo, na walinichosha.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Wazazi wetu walipofariki nilitolewa shule, nikabaki kijijini kwetu Myamba, mlimani, na wadogo zangu pamoja na bibi, mama yake baba. Kazi za nyumba zilikuwa zangu, lakini heshima ya nyumba ilikuwa ya bibi. Akiwa hai, hakuna ndugu wa baba aliyethubutu kuwagawa wadogo zangu, huyu huku, yule kule, kama mbuzi wa urithi. Kwa hiyo siku aliyoanguka shambani akilalamikia kichwa, niliogopa kwa ajili yetu sote.

Daktari Mzungu kule Same alimfunga mpira mkononi, akapima, akasema damu inapanda mno. Siku hizi tunaita presha. Akakataza chumvi. Nilipomwambia kwamba kwetu makande hupikwa kwa magadi, akasema hayo nayo ni chumvi tu, yaachwe kabisa.

Niliwaeleza ndugu wote, wakaitikia vizuri sana. Kisha kila mmoja akaanza kumwonea huruma kwa siri. Jirani alipita na bakuli la nyama iliyokolea. Shangazi, aliyekuwa akija kunisaidia kupika, alitii, akaacha chumvi, halafu akazidisha magadi ili makande yapate ladha!

"Shangazi, magadi yamekatazwa."

"Na nani? Mzungu anayajua makande? Mahindi bila magadi yataiva lini, mwanangu, Pasaka?"

"Yaloweke toka jana yake."

"Haya, mwenye bibi."

Bibi mwenyewe ndiye aliyenimaliza. Namkuta akirudi kwa jirani.

"Shikamoo, bibi. Umekula wapi?"

"Marahaba. Sijala kitu."

Na mchuzi uko kidevuni.

Tuliporudi Same, damu ilikuwa juu vile vile. Daktari alinigombeza mimi, kana kwamba nilikuwa na mikono ya kuziba kila chungu cha Myamba. Alisema tukiendelea hivyo bibi atapooza upande mmoja, au tutamzika.

Muda si mrefu ukaja msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, watu wakatoka kuzibua tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Zamu ya kulisha watu ilikuwa ya ukoo wetu. Nikamwondoa shangazi mekoni, nikapika mwenyewe makande niliyoyaloweka, bila chumvi wala magadi, na bibi nikamketisha pale pale kati ya watu. Baba mdogo alitia tonge la kwanza mdomoni akasimama.

"Nani kapika hiki? Hata jela wanatia chumvi!"

Watu wakaangua kicheko.

"Ni mimi, baba. Ndicho chakula cha mama yako. Nyie mnaomwonea huruma, leo kuleni naye."

"Binti, una kiburi."

"Ninacho. Chumvi iko kwenye kibuyu pale. Anayetaka atie kwenye sahani yake, siyo kwenye chungu. Na atakayempa bibi, aje kwetu amwuguze akipooza, na wadogo zangu awalishe yeye."

Baba mdogo alikitazama kibuyu, akamtazama mama yake, akaketi karibu naye, akala chakula chake kama kilivyo huku amekunja uso.

"Kibaya, eti?" bibi akamwuliza.

"Kibaya sana, mama."

"Mimi nakila kila siku, peke yangu, na nyie mnanukia nyama."

Toka hapo chungu cha nyumba yetu kilikuwa kimoja, na magadi hayakuingia. Baba mdogo akawa anapita jioni kula nasi, akinung'unika kila tonge. Jirani nilimrudisha na bakuli lake mlangoni, zaidi ya mara moja. Damu ya bibi ilishuka kidogo kidogo, na miguu yake ikaendelea kumbeba.

Shangazi aliwatangazia watu hadi Kihurio kwamba nimemnyima mama yake chumvi. Ni kweli, nilimnyima. Wadogo zangu walikulia nyumba moja.