Kaseti Niliyoitundika Kwenye Mtama

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Ni siku niliyotundika kaseti kwenye mtama. Usicheke bado. Utacheka baadaye, na mimi nitacheka na wewe, maana nimezeeka na aibu imenizoea. Saa ile hakuna aliyecheka.

Mimi nilizaliwa Mogitu, nikaolewa huku Maretadu, Mbulu. Enzi hizo tulikuwa bado mkoa wa Arusha, Manyara lilikuwa jina la ziwa tu. Lakini mambo yalikuwa yameanza kufunguliwa. Zamani hata sabuni uliipangia foleni, halafu ghafla kila mnada umejaa mitumba, masufuria, redio, saa zinazong'aa. Vitu viliingia vingi kuliko maelezo yake. Unanunua kitu, hujui kimetoka kwa nani wala kilikuwa kinafanya nini huko kwao.

Mume wangu Bura, babu yenu huyu anayesinzia pale, mwaka ule alipata vitunguu saumu vizuri, akanunua redio kaseti. Mimi nikawa nimekwenda kwa mama yangu Mogitu kujifungua mtoto wa kwanza, Ester. Nikakaa huko miezi mitatu, nalishwa kama malkia. Niliporudi nikamkuta baba mkwe yuko kitandani, ameisha, amebaki macho. Alinishika mkono, akamgusa mtoto kichwani, na kabla wiki haijaisha tukamzika.

Sasa siku chache baada ya mazishi natafuta kitenge sandukuni, nakuta kaseti. Weee, mwanangu! Kwenye karatasi yake kuna wazungu watano. Siyo vijana, ni wazee, umri wa yule tuliyemzika, mashavu yameshuka. Lakini nywele! Nyeupe, ndefu, hadi kifuani. Kwetu mzee ananyoa, kichwa kinang'aa kama kibuyu. Hawa wamevaa ngozi nyeusi mwili mzima, mmoja ana pete puani kama fahali, nyuma yao moto, na katikati ya moto fuvu la mtu linacheka. Nikajiuliza, fuvu linamcheka nani?

Nikaifunika, nikanyamaza. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Kuiona siyo kosa. Kunyamaza ndiyo kosa.

Jumamosi mchana namwona Bura anachukua redio, anaingia nayo zizini kwa ng'ombe, anavuta mlango. Nikasogea nikijifanya naokota kuni. Nikasikia mlio kama bati linaburutwa kwenye mawe, halafu ngoma kama mlima unaporomoka, halafu mzee anapiga yowe kama amekalia siafu. Haikuchukua hata muda wa chai kuchemka, ikazimwa. Akatoka, akaizungushia kitambaa ile kaseti, akairudisha chini kabisa ya sanduku. Jumamosi nyingine hivyo hivyo. Ya tatu nikachungulia kwenye ufa, nikaona anatikisa kichwa. Anatikisa, anatikisa, kama anakubaliana nao!

Nilimwuliza? Sikumwuliza. Nilimtazama tu. Na mtu ukimtazama kwa jicho la shaka, hata akipiga chafya utasema ni ishara. Akila kidogo, nasema moyoni kwamba ameshalishwa na hao. Akimbeba Ester, akinirudishia nahesabu vidole vya mtoto, kimoja kimoja. Kumi. Nahesabu tena.

Nikaenda kumwambia jirani, Mama Paskali. Mwanamke wa kwaya, sauti nzuri, lakini mdomo wake ulikuwa hauna mlango.

"Mama Ester, hiyo kitu iliingia nyumbani kwako lini?"

"Sijui. Niliikuta nilipotoka Mogitu."

"Na mzee alianza kuugua lini?"

"Nilipokuwa Mogitu."

"Haya. Mimi sijasema kitu." Akajifunga kanga upya. "Ila nasikia hao wanaanza na mzee. Wakishamaliza mzee, wanataka kichanga."

"Mama Paskali!"

"Si nimesema sijasema kitu?"

Tangu pale sikulala vizuri tena.

Sasa kuna jambo lingine nikuambie, ndipo uelewe uzito wa kosa langu. Bura alikuwa na mdogo wake, Akonaay. Huyu kijana alimwuza dume la kulimia la baba yake bila ruhusa, akitaka nauli ya kwenda Mererani kuchimba yale mawe ya bluu. Mzee alipojua alisimama mlangoni akamwambia mbele za watu, "Kuanzia leo wewe si mwanangu. Usikanyage boma hili." Neno la baba, mwanangu, siyo kama maneno yenu ya simu, leo hivi, kesho umefuta. Linakukalia. Ukilima, unaliona shambani. Ukioa, unaliona nyumbani. Ndivyo tulivyoamini, na mimi bado naamini. Akonaay alikaa huko miaka sita. Habari ya msiba ilimfikia tumeshazika. Akatuma neno kwamba atakuja siku ya kumaliza msiba, lakini ataishia nje ya uzio. Ndani hawezi kuingia, maana neno la baba halijaondolewa na mwenyewe amelala nalo.

Siku ya kuja kwake ikafika. Asubuhi Bura akaondoka kwenda Dongobesh kumpokea kwenye basi. Mimi nikasema, leo ndiyo leo. Nikafungua sanduku.

Nilitaka kuichoma. Lakini mtama wangu ulikuwa umeanza kuweka maziwa kwenye punje, na ndege, wale wadogo wadogo, wanashuka kama mvua. Na kwetu Mogitu kwenye ngano nilikuwa nimeona watu wanafunga ule utepe wa kaseti kutoka mti hadi mti. Upepo ukipita unavuma vuuu, ndege wanakimbia. Unajua sisi hatutupi kitu chenye kazi, hata kama ni cha shetani. Nikasema, hawa wazee si wanapenda kupiga kelele? Wakapige kelele kwa ndege.

Nikauvuta ule utepe. Mrefu! Unavuta hauishi, kama utumbo wa mbuzi. Ukakatika mara mbili, nikaunga kwa fundo. Nikauzungusha shamba zima, nyumba yake ya plastiki nikaitupa kwenye samadi. Upepo ukaja, mtama ukaanza kuimba. Ndege wote, pruuu, hao! Nikasimama mikono kiunoni. Nilijiona mwanamke mwenye akili kuliko wote Mbulu nzima.

Jua likiwa katikati nawaona wanakuja kwa njia ya shambani, Bura mbele, Akonaay nyuma na begi lake. Bura akasimama ghafla.

"Mama Ester, hii nini?"

"Dawa ya ndege."

"Umeitoa wapi?"

"Sandukuni. Na hao mashetani wako leo nimewapa kazi ya halali."

Nilingoja anipigie kelele. Hakupiga. Alikaa chini pale njiani, kama gunia la mahindi lililoachiwa.

"Baba yumo humo," akasema.

"Baba gani?"

"Baba yetu. Upande wa pili."



Ndipo akaeleza. Nilipokuwa Mogitu, mzee aliona siku zake zimekaribia, akataka kuliondoa lile neno. Wakamwambia tuandike barua. Akakataa, neno lililotoka kwa mdomo linarudishwa kwa mdomo. Bura akakumbuka redio. Akaenda mnada wa Katesh, kaseti za kwaya zimekwisha, muuzaji amebaki na hiyo moja ambayo hakuna aliyeitaka. Ukiziba kwa karatasi yale matundu ya juu, unaweza kuingiza sauti yako. Mzee akataka kwanza asikie kilichomo. Wakamfungulia upande wa kwanza. Alicheka hadi akakohoa. Akasema, "Kumbe ni wazee wenzangu, na bado wana pumzi! Msiwafute. Waacheni upande wao, na mimi nipeni upande wangu." Akasema maneno yake, akamwapisha Bura kwamba asisikie mtu mwingine kabla ya Akonaay. Basi Bura alipotaka kujua kama betri bado zina nguvu, alipimia kwa wale wazee wa nywele. Zizini, ili watu wasije wakamwambia aendelee na upande wa pili.

"Na kichwa ulikuwa unatikisa nini?" nikamwuliza. Hebu fikiria, hata saa ile nilitaka kujua.

Akainama. "Wanapiga vizuri," akasema.

 Akonaay alikuwa anatazama ule utepe unavyovuma, ameshika kofia kwa mikono miwili kama mtu aliyesimama makaburini.

Mama mkwe akaja na fimbo yake. Hakuinyanyua. Aliniuliza tu, taratibu, "Mke wa Bura, ulipoishuku hiyo kitu, uliniuliza mimi?"

"Hapana, mama."

"Nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapa hapa, mama. Kwenye jiwe la kusagia."

"Siku zote hizo. Mimi nilimshikilia mzee kichwa akisema maneno yale. Ulikwenda kuuliza kwa Mama Paskali ambaye hakuwepo. Hukuuliza kwangu niliyekuwepo. Wewe ulitaka kujua, au ulitaka kuogopa?"

Fimbo ingeniuma kidogo. Lile swali linaniuma hadi leo.

Tukaanza kuukusanya. Akonaay ndiye aliyeongoza, maana mikono yake ilizoea vijiwe vidogo kama mbegu ya mtama. Alitembea mstari kwa mstari, anafungua, anafuta vumbi kwa shati lake. Ile nyumba tukaitoa kwenye samadi, tukaiosha. Akauzungusha ndani kwa kalamu ya biki, mafundo yangu akayakata kwa wembe akaunga kwa selotepu. Lakini tulipofika kona ya chini, utepe haupo. Yupo ndama, mdomoni kipande kimening'inia, anatafuna kwa raha zake. Bura akakivuta. Kilichotoka hakikufika urefu wa mkono.

Redio ikawekwa juu ya jiwe la kusagia. Sisi ndani ya uzio, Akonaay nje, kofia mkononi. Bura akabonyeza.

Kikohozi. Kile kikohozi cha mzee, mama mkwe akafumba macho. Halafu sauti: "Akonaay. Akonaay, mwanangu. Lile neno nililo..." na hapo, vrrr! Utepe ulikuwa umepinduka. Wazee wa nywele wakaingia, wanaimba kinyumenyume, sauti imefifia kama wako shimoni. Wakapiga, wakapiga. Halafu kipande kilichoungwa, na mzee tena, anapuliza maziwa kama mzee anavyobariki, "tfu", na "...njia yako...", na "...mama yako akupikie." Basi. Kimya.

Nikalia. Neno lenyewe, la kuondoa, limeliwa na ndama! Nilipiga magoti pale mavumbini, naomba msamaha sijui kwa nani, kwa shemeji au kwa marehemu.

Akonaay akasema kutoka nje ya uzio, "Shemeji. Shemeji, nyamaza kwanza. Kaniita nani?"

"Kakuita Akonaay."

"Baada ya hapo."

Nikafuta pua. "Kasema mwanangu."

"Siku ile aliniambia mimi si mwanawe," akasema. "Wengine wote mlisikia." Akavaa kofia. Akaivua tena. Akavuka uzio, akaingia, akaenda moja kwa moja kwa mama yake akamwinamia, "Shikamoo, mama." Na mama mkwe, ambaye hakulia hata siku tulipomzika mzee, alimshika kichwa akalia.

Alipomaliza kulia alisema, "Na yule ndama ni wako. Maneno mengine ya baba yako yamo tumboni mwake, mimi siwezi kumwuza." Hapo ndipo mtu wa kwanza alicheka. Siku tatu tulikagua samadi ya yule ndama kama watu wa maabara, tukiogopa atakufa. Hakufa. Alikua akawa dume la kulimia, tukamwita Kaseti, na Akonaay aliporudi kabisa nyumbani alilima naye miaka mingi. Siku hizi wanasema Mererani nayo ni Manyara, mkoa mmoja na sisi. Yeye anasema angejua watamletea mkoa, asingeuza dume.

Ile kaseti babu yenu anayo bado. Akiachwa peke yake anawafungulia wale wazee wake. Nimewazoea, wanapiga kelele lakini hawajamla mtu. Ila lile fuvu, nikuambie ukweli, mpaka leo silipendi. Nikipita nalitazama kwa pembe ya jicho.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, wewe uliyeolewa juzi na wewe uliyeoa jana. Sikwambii usishuku. Jicho limewekwa lione, na dunia hii inaingiza vitu kila mnada. Shuku, lakini shaka yako ipeleke kwa mwenye jambo kabla haijaota mizizi. Kuuliza si ujinga. Usimwulize asiyekuwepo ukamwacha aliyekuwepo. Ukiona mwenzio ameficha kitu, mwambie, "Nimeona, nieleze." Maneno mawili tu. Mimi yalinishinda, nikaona rahisi kuvuta utepe shamba zima. Haraka haraka haina baraka, na baraka nyingine ikishaliwa na ndama hairudi. Na jambo moja zaidi. Kama una mtoto uliyemfukuza kwa mdomo, usingoje betri. Mwite leo.

Sogea sasa nikubariki. Hiki ni kikombe cha maziwa, usifute uso. Tfu! Njia yako iwe nyeupe. Shaka ikikujia, ikukute unaongea. Pale nilipokosea mimi, upite pembeni. Na siku utakayosimama nje ya uzio na kofia mkononi, asikose mtu ndani wa kukuita mwanangu. Tfu! Mwanangu. Ingia, mama amepika.