Jini Asiyeamkia

Asubuhi ya ukungu, katika duka la vifaa vya shule Mbinga mjini linaloazimisha pia riwaya, mama mmoja mkulima wa kahawa alirudisha kitabu cha tatu cha ule mfululizo wa majini wanaoishi maghorofani Dar es Salaam.

"Umekionaje, mama?" aliuliza mwenye duka.

"Jini kupita ukutani, nimekubali. Kugeuka moshi ndani ya lifti, nimekubali." Akakilaza kitabu mezani taratibu, kama anayelaza mtoto. "Ila kila siku anapishana na bibi kizee kwenye ngazi, hata shikamoo hampi! Hapo mwandishi katudanganya. Nipe cha nne, nione kama kashika adabu."

Nikiwa nyuma yake nikisubiri zamu yangu, nilitazama ukungu nje. Dar niliishi miaka sita, ghorofa ya nne. Bibi wa mlango wa pili nilikuwa nampita kimya, kama moshi.