Chura Niliyemwandika Chula

Phelister Aoko alinitia wazimu kabla sijampenda. Mimi nilikuwa mtunza vitabu katika chumba cha watoto cha kusomea, Old Kampala, ndani ya duka lililoachwa na Mhindi alipofukuzwa, na kazi yangu niliijua vizuri: kupiga muhuri, kupangusa vumbi na kunyamazisha. Yeye alikuja mwaka 1973, mjane wa mfanyakazi wa reli kutoka upande wa Kisumu, akaomba awasomee watoto kila Jumamosi asubuhi. Nikakubali. Sikujua kwamba mwanamke yule husoma kwa makopo.

Kweli, makopo. Kila mtoto alipewa sauti yake. Kopo lenye mtama ndani lilikuwa mvua. Gunzi la hindi likikwaruzwa kwa kijiti lilikuwa chura, na chupa ya soda ikipulizwa ilikuwa fisi. Sheria ilikuwa moja tu: hupigi mpaka neno lako lifike. Basi mtoto wa miaka sita, mikono ikimwasha, hufuata kidole cha mwalimu kwenye maneno yaliyobandikwa ukutani asije akapitwa, na kabla hajajua ameshasoma. Otim, ambaye shuleni walikwisha kumwita mbumbumbu, neno la kwanza alilosoma maishani mwake lilikuwa "mvua", na siku hiyo alitikisa kopo mpaka kifuniko kikaruka.

Nilimwambia Phelister kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Akanijibu, akiniita bibi kwa Kiganda chetu, "Ndiyo maana natia mtama, nnyabo." Nilinuna wiki nzima.

Vitabu vya Kiswahili vilikuwa haba, kwa hiyo hadithi alizitunga mwenyewe, na mimi nikaziandika kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake. Karatasi zilikuwa adimu siku zile, sawa na sukari na sabuni. Tulipasua mifuko ya saruji, tukaandika kwa makaa na kuibandika ukutani. Yeye alitamka, mimi nikaandika kama nilivyosikia, na hapo ndipo nilipoharibu. Mimi ni Mganda, na ulimi wetu una sheria zake za l na r zisizopatana na za Kiswahili. Kuandika nimejifunza baadaye; ulimi umegoma mpaka leo. Siku ile chura nilimwandika chula. Phelister alicheka mpaka akakaa chini. Nilipotaka kufuta akanizuia: makaa yatachafua karatasi, akasema, na watoto watamjua chura kwa mlio wake.

Mwaka 1976 serikali ilianza kudai kipande cha Kenya, na Wakenya wa Kampala wakawa wanatembea macho mbele, hawageuki. Watu walioingizwa kwenye buti za magari hawakurudi. Nilimsihi Phelister aende kwao. Akasema hadithi ya fisi haijaisha.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Fisi amekikalia chungu cha harusi na hataki mtu mwingine aonje. Wanyama wanamzunguka wakiimba, "Wakati wa kula umefika! Fisi, ondoka!" Watoto thelathini waliimba hivyo, madirisha yakiwa wazi, na njiani kulikuwa na mtu aliyesimama kusikiliza.

Jumamosi iliyofuata aliingia sajini wa polisi, mtu wa kaskazini, mrefu, bastola kiunoni. Jina lake Okeny. Watoto walikuwa wameshakaa na makopo yao.

"Nani mwalimu hapa?"

"Mimi," akasema Phelister.

"Wewe mtu ya Kenya?"

"Ndiyo, afande."

"Iko mtu nasema wewe nafundisha watoto ya Uganda kuimba wakati ya kura imefika. Kura! Na mukubwa aondoke."

Kura ya kuchagua wakubwa haikuwa imepigwa tangu mwaka wa uhuru, na kwa neno hilo mtu angeweza kupotea.

"Si kura, afande," akasema Phelister. "Ni kula. Kula chakula."

Okeny akanigeukia. "Wewe mama, wewe nasikia watoto nasema nini?"

"Kula," nikasema.

"Sema kura."

"Kula."

"Sasa sema kula."

"Kula."

Akatikisa kichwa. "Kwa hii mama yote iko moja."

Wanasema mdomo uliponza kichwa. Mara hii mdomo ulikuwa wangu, na kichwa cha Phelister. Okeny akaenda ukutani, akapitisha kidole chake juu ya mwandiko wangu polepole, mstari kwa mstari, mpaka akasimama.

"Nani naandika?"

"Mimi, afande."

"Hii chula, hii ni nyama gani?"

"Ni yule wa majini, anayerukaruka."

"Chura. Sasa wewe kama chura naandika chula, basi kura nayo wewe naandika kula."

Alikuwa na akili yule mtu, na mimi niliona nimemuua mwenzangu kwa mkaa.

Phelister hakunitazama. "Afande," akasema, "hapa kila neno lina mlio wake. Usimsikilize Habibah huyu. Sikiliza mlio."

Akaanza kusoma. Mvua ikafika, na hakuna kopo lililotikiswa. Watoto walikuwa wameikodolea macho bastola. Chura akafika, kimya. Fisi, kimya. Neno "kula" lilikuwa na sahani za bati na vijiko, na mimi nikaona tunakokwenda: likifika bila vijiko, litakuwa kura, na Phelister ataondoka na mtu huyu.

"Wakati wa kula..."

Mimi, Habibah, niliyezoea kuwatuliza watoto kwa kukohoa tu, nilinyakua sahani na kijiko nikagonga mpaka rangi ikabanduka. Nikatafuna hewa kama mbuzi. Nikalamba vidole, nikapiga tumbo, kitambaa kikaanguka kutoka kichwani na sikukiokota. Akullo, binti wa polisi wa kambini, ndiye aliyecheka kwanza, kisha akachukua kijiko chake. Baada yake wote thelathini waligonga sahani na kumeza matonge ambayo hayakuwepo.

"Basi!" akapaza sauti Okeny.

Alitoa kijitabu, akaandika kwa muda mrefu. "Ondoa kula," akaniambia. "Weka chakula. Wakati ya chakula. Hiyo hata mutu nasikia kwa dirisha hapana kosa." Mlangoni alimwambia Phelister maneno mawili matatu kwa Kiacholi, naye akamjibu kwa Kijaluo. Lugha zao ni ndugu. Mimi niliambulia sauti tu.

"Amesema nini?"

"Amesema atakayekuja baada yake hatakuwa na subira ya kusikiliza hadithi."

Hapo akalia, juu ya makopo yake, nami nikamshika kama dada yangu wa tumbo moja. Alhamisi alipanda basi la Busia, mpakani mwa Kenya.

Jumamosi watoto walikuja na ikabidi nisome mimi. Tulipomaliza, Akullo alibaki.

"Mwalimu, kura ni nini?"

Ningeweza kumwambia akamuulize baba yake. Lakini Phelister hakuwahi kumwacha mtoto na swali lake, na mimi nilichoka kuogopa. Nilimvuta nyuma ya kabati.

"Kula," nikamnong'oneza, "ni watu wote kuchagua nani awe mukubwa wao."

"Kula?"

"Si kula. Kula."

Akanitazama kwa huruma. Nikapiga magoti, nikachukua kipande cha chaki, nikaandika sakafuni herufi nne, na safari hii sikukosea ile ya tatu. Akullo akainama. Alisoma kama alivyofundishwa, kila neno na mlio wake, kwa sauti iliyojaza chumba na kutoka dirishani.

"Kura!"

Nikafuta chaki kwa goti, na kwa kiganja nikamziba mdomo.