Kitasa Kilichoitikia Kila Ufunguo

Siku niliyokwenda msibani Kisesa, nilifunga funguo zote mbili za milango ya gari kwenye uzi mmoja, nikautia mfukoni, nikapanda basi. Gari lenyewe nikaliacha nyumbani. Mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha nne, tena aliyefaulu hesabu, nilishindwa kugawa mbili kwa mbili.

Gari hilo nililinunua kwa kiinua mgongo, mwaka ule shirika letu lilipouzwa nasi tukarudishwa nyumbani. Wenzangu walifungua maduka. Mimi, mtu wa kushinda barazani, nikanunua gari, sijui la kwenda wapi. Lilikuwa limechoka tangu Japani, likapitia Dubai kuchoka zaidi, ndipo likaletwa Mwanza. Kuendesha sikujua. Jirani yangu, aliyekuwa dereva wa shirika hilohilo, ndiye aliyenifundisha, na ndiye aliyelishika kila lilipohitajika. Mtaa wetu kule Buzuruga ulikuwa na gari hilo moja tu, na gari moja mtaani si la mtu: ni la mgonjwa, la maiti, la bibi harusi. Kwa hiyo ufunguo mmoja ulining'inia msumarini sebuleni kwake, chini ya kalenda. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi minane, na gari la kumpeleka hospitali halikuwa swali.

Asubuhi moja nikakuta redio kaseti imeng'olewa. Vioo vizima, milango imefungwa. Nikawaza wenye funguo: mimi, mke wangu, jirani. Mimi sikuiba. Mke wangu hapendi muziki.

Sikumuuliza jirani. Ujasiri wangu wote huwa nautumia kuua mende. Nikaliendesha gari mwenyewe hadi kwa fundi Mabatini, gia ya pili njia nzima, wenye baiskeli wakinipita na kunipa pole.

Fundi akabandua ngozi ya mlango, akachomoa kitasa, akacheka. Akachukua ufunguo wa pikapu iliyoegeshwa pembeni, akauchomeka. Kitasa kikazunguka bila kinyongo.

"Mzee, hiki kimelika," akasema. "Ufunguo wowote ukikipa shikamoo, kinaitikia marahaba. Kwani umeibiwa?"

"Redio."

"Ulikuwa unamshuku nani?"

"Hakuna," nikajibu haraka, nikajifanya natazama matairi.

Alikuwa na kitasa kizuri cha gari lililopinduka. Akakifunga upande wa dereva. Kile cha mlango wa pili na cha buti akavifungulia juu ya gunia. Ndani mna vibati vya shaba, vyembamba kama kucha, kila kimoja na kimo chake. Anachomeka ufunguo mpya, kibati kinachochomoza anakitoa, anatia kingine, mpaka vyote vikalala sawa na ufunguo mmoja ukafungua vitasa vyote. Swichi ya kuwashia tuliiacha ileile. Yaani ufunguo wa zamani ungeliwasha gari vizuri kabisa, kama ungepata njia ya kuingia ndani.

Akanichongea funguo mbili. "Ulisema za zamani zilikuwa tatu. Na wa tatu?"

"Nitarudi."

Sikurudi. Nilijua sasa kwamba jirani hana kosa, lakini kumpa ufunguo mpya ni kumwambia nimebadili vitasa, naye angeuliza kwa nini. Nikasema nitampa kesho. Kesho yake nikasema hivyohivyo. Wa mke wangu nao nikauacha kwenye uzi na wangu, asije akaropoka kwa jirani kabla yangu. Wiki ikaisha, hakuna aliyeugua mtaani, nikaona Mungu yuko upande wangu.

Uchungu ulimshika mke wa jirani mchana ule nilipokuwa Kisesa, nimekaa mkekani na sahani ya wali. Mke wangu ndiye aliyenisimulia. Jirani alitoka mbio na ufunguo wa msumarini, akauchomeka, ukagoma. Akazunguka upande wa pili, ukagoma. Akarudi upande wa dereva, akainama kukitazama kitasa, akaona kinang'aa. Akaokota jiwe, akasimama mbele ya kioo.

"Vunja!" mke wangu akampigia kelele. "Vunja, shemeji, nitamjibu mimi!"

Akaliweka jiwe chini, taratibu, kama anaweka yai. Akasema gari ni la mtu. Wakamlaza mama kwenye mkokoteni wa muuza maji, wakamsukuma hadi stendi, wakapata pikapu iliyotoka kushusha sangara. Mtoto alizaliwa humo njiani, kwenye maji ya samaki. Alilia. Mama ndiye aliyenyamaza. Alipoteza damu nyingi, na hadi siku ya tatu alikuwa bado anaongezewa damu na hajaweza kukaa.

Siku hiyo ya tatu jirani alirudi nyumbani kuchukua kanga. Nilimvizia mlangoni kwake, ufunguo mpya mkononi. Nikamnyooshea. Ule wa zamani ulikuwa umerudi msumarini, chini ya kalenda. Akauchukua, akaniwekea kiganjani juu ya ule mpya, akakifunga kiganja changu kwa mkono wake.

"Mkeo kanieleza habari ya redio. Ungekuja ukaniita mwizi, ningekutukana, ungenitukana, tungemaliza siku hiyohiyo. Sasa kaa na funguo zako zote, jirani. Mke wangu akizidiwa tena, mwenye mkokoteni nimeshaongea naye."